Nikipigwa kibahati navurugwa, nifanyeje?

"Shikamoo dokta. Nina miaka 31, ni mtumishi wa umma, nilihamia Dodoma na ofisi. Kila Ijumaa tunakutana watu saba nyumbani kwa rafiki yetu huku Ilazo kucheza poka, ile ya karata mbili mkononi na tano mezani. Kila mtu anaingia na 20,000. Saa mbili za mwanzo nacheza vizuri, hata wenzangu wanakiri. Shida ni nikipigwa kibahati. Mwezi uliopita nilipata A mbili, nikasukuma zote kabla karata za mezani hazijafunguliwa. Jamaa mmoja akanifuata na tisa mbili, na karata ya mwisho kabisa ikaja tisa, akawa na tisa tatu, zikazila A zangu mbili. Kuanzia hapo sikumbuki vizuri. Kufika saa tisa usiku nilikuwa nimeingia mara nne kwa 20,000 na mara sita kwa 50,000, zote zimeliwa. Katika hizo 380,000, laki na nusu nilikopa kwenye simu. Mchumba wangu nilimwambia nimemtumia mama Kondoa. Huyo jamaa ndiye anayenimaliza kila siku, naona kama kashika bahati yangu. Rafiki mmoja anasema mchezaji halisi ana moyo wa jiwe. Mwingine anasema nipige bia mbili nitulie. Wa tatu anasema nihamie kwenye simu, huko sioni sura ya mtu. Hesabu za mchezo nazijua, nimezisoma sana. Nifanye nini niweze kutawala hisia zangu?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara naona huulizi namna ya kucheza. Kucheza unajua. Unauliza kwa nini yule kijana mwenye hesabu zake aliyekaa kwenye kiti saa mbili usiku, ikifika saa sita hayupo tena, na kiti kile kile kinakaliwa na mtu mwingine mwenye sura yako na pochi yako. Wachezaji wa poka duniani wana jina lao la hali hiyo, lakini Kiswahili cha mtaani kina zuri zaidi: kuvurugwa. Mtu aliyevurugwa hajasahau kanuni. Mtoe nje umuulize, atakutajia zote. Ila akirudi ndani, mkono wake unafanya mambo mengine.

Mimi ni mwanasaikolojia, na karata nimecheza tangu chuo, kwa hiyo mahubiri sina. Najua wapo watakaosoma hapa na kusema jibu lako ni neno moja tu, acha. Siwabezi, na huko mbele tutakutana nao. Ila umeuliza jambo lenye maelezo, acha nilieleze.

Tuanze na ile tisa, maana naona bado inakuuma. Wewe A mbili (sisi wa zamani tulisema ree mbili), yeye tisa mbili, na hela zote zimeingia katikati kabla ya kufunguliwa hata karata moja. Katika hali hiyo A mbili hushinda karibu mara 80 kwa 100. Zikafunguliwa karata nne, tisa haijaonekana. Zilibaki 44, na ndani yake tisa ni mbili tu, kwa hiyo wakati huo ulikuwa umefika kama asilimia 95. Kisha ikaja. Tangu usiku ule unatembea ukiamini umeporwa asilimia 95, wakati hakuna aliyekuuzia asilimia 95. Uliposukuma hela ulinunua 80, na zile 20 za kuliwa zilikuwemo kwenye bei. Kutoka 80 kupanda hadi 95 kulitokea hela zikiwa zimeshatoka mkononi, huna uamuzi wowote wa kufanya, umekaa unaangalia sinema. Ulinunua 80, ukalilia 95.

Twende mbele kidogo kwa hesabu hizo hizo unazozipenda. Mchezaji mmoja hugawiwa A mbili wastani wa mara moja kwa kila migao 221. Meza ya watu saba wanaochanganya karata kwa mikono, huku wanapiga stori, hufikia migao kama 25 kwa saa. Kwa saa nne ni 100. Ukicheza Ijumaa zote za mwaka, A mbili utazipata kama mara 23. Tuseme kila mara unasukuma zote, na kila mara anatokea mtu wa kukufuata akiwa na pea ndogo, yaani karata mbili za namba moja kama zile tisa. Utaliwa mara nne au tano, kila mwaka, umecheza sawasawa na hakuna mtu aliyekufanyia kitu. Kipigo cha mwezi uliopita kilikuwa kwenye ratiba tangu Januari. Tarehe tu ndiyo haikuandikwa.

Kwa kuwa mama yako yuko Kondoa, mfano huu hautakusumbua. Kanda hii ya kati ina msimu mmoja wa mvua, na hata huo mmoja hauaminiki. Mkulima wa Bahi anayeijua ardhi yake hupanda mtama au uwele, mazao yanayovumilia jua. Jirani yake anapanda mahindi shamba zima. Mwaka huo mvua inanyesha kupita kawaida, jirani anavuna magunia kwa magunia, anapita barabarani na pikipiki mpya akipiga honi. Wa mtama alikosea? Hata kidogo. Jirani alipata, lakini kupata na kupatia ni vitu viwili. Unaweza kupatia ukakosa, na unaweza kukosea ukapata. Zile A mbili ulipatia, ukakosa. (Huyo jamaa naye hakukosea sana, tusimwonee, tisa mbili ni karata nzuri, na zako alikuwa hazioni.) Lakini zile mara sita za 50,000 ulikosea, na ungekuwa umekosea hata kama ungeondoka pale na laki tano.

Nimelikazia hilo kwa sababu hasira ya karata huzaliwa pale unapodhani umedhulumiwa. Mtu aliyekosa hufanya masikitiko. Mtu aliyedhulumiwa hudai haki yake, tena usiku huo huo.

Na sasa huyo jamaa. Karata hazimjui mtu, wala hazikumbuki mgao uliopita. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti, lile lenye namba nyekundu na nyeusi, lilitua kwenye rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga hela kwenye nyekundu kila lilipozunguka, wakiamini zamu yake imeshafika, na waliliwa vibaya sana. Gurudumu halikuwa na deni la mtu. Huyo jamaa wako naye hana bahati ya mtu mfukoni. Kinachotokea ni kwamba kichwa huhifadhi vizuri kilichokiunguza. Hebu nitajie mara ngapi yeye amekufuata na karata mbovu ukamla. Huna idadi, kwa sababu zile hazikuuma.

Kuna la pili, na hili ndilo linalogharimu hela kweli. Umemkamia. Mtu uliyemkamia, akipandisha dau wewe unamfuata hata na karata ambazo kwa mwingine ungeweka chini bila kufikiri. Unaamini kila anapoweka hela nyingi anakuchimba mkwara. Yeye akijua hilo, hahitaji hata kuwa fundi. Anasubiri karata nzuri, anaweka hela, wewe unalipa. Kwa hiyo ni kweli anakumaliza, ila njia anayopitia umemchongea mwenyewe.

Sasa tuingie kwenye mtambo wenyewe. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Israeli, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha nadharia kuhusu namna watu wanavyoamua mambo yenye hatari; ni sehemu ya kazi iliyompa Kahneman Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Mambo mawili ndani yake yanakuhusu. Kwanza, kupoteza kiasi fulani cha hela huuma kuliko kupata kiasi kile kile kunavyofurahisha. Vipimo vyao vya baadaye vilikaribia mara mbili. Pili, mtu akiwa kwenye faida huwa mwoga, anataka kushika alichonacho aondoke, lakini akiwa kwenye hasara anageuka, anakuwa mpenda hatari. Walieleza kwamba mtu ambaye hajapatana na hasara yake hukubali kamari ambazo akiwa katika hali yake ya kawaida angezikataa.

Iangalie barua yako kwa jicho hilo. Mara nne kwa 20,000, halafu mara sita kwa 50,000. Dau lilipanda mara mbili na nusu katika saa ambazo kichwa chako kilikuwa kibovu kuliko saa zote. Kwa nini 50,000? Kwa sababu ukiwa chini kwa 80,000, kushinda 20,000 hakuna ladha, hakukurudishi kwenye sifuri. Ulikuwa hutafuti tena ushindi, unatafuta sifuri. Sifuri hiyo ipo kichwani mwako tu; karata haziifahamu, wala wale wenzako sita.

Lugha yetu wenyewe inatudanganya kidogo hapa. Mezani watu husema "nakomboa hela yangu". Kinachokombolewa ni kitu kilichowekwa rehani, bado ni chako, kinakusubiri ukilipie. Hela iliyoliwa haiko rehani popote. Ni ya yule jamaa, keshaikunja kaweka mfuko wa shati. Ukikaa kuendelea kucheza, unaanza mchezo mpya na hela mpya dhidi ya watu waliotulia kuliko wewe.

Na mwili nao hausaidii. Ile tisa ilipofunguka, mwili wako uliitikia kama vile mbwa katokea gizani: adrenalini ikamwagika, moyo ukaenda mbio, macho yakabana yakamwona mtu mmoja tu mezani. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayopanga na kusema "ngoja kwanza", hufanya kazi hafifu mwili ukiwa hivyo. Mwitikio huu haukatiki mgao ukiisha. Mgao mpya unakuja baada ya dakika mbili, mwili bado uko kwenye ule wa zamani. Ndiyo maana unasema hukumbuki vizuri. Nakuamini.

Rafiki zako sasa. Huyu wa moyo wa jiwe amekosea kwa nia njema. James Gross wa Chuo Kikuu cha Stanford ametafiti jambo hili miaka mingi: mtu anayebana hisia isionekane usoni hafanikiwi kuipunguza ndani, na kazi ya kubana hula nguvu ya kumbukumbu, kiasi kwamba baadaye anakumbuka vibaya yaliyosemwa na kuonyeshwa wakati anajibana. Kwenye poka kumbukumbu ndiyo mtaji. Nani alipandisha, nani alisita kabla ya kulipa. Ukikaa umekaza taya unajifanya jiwe, umeshavipoteza hivyo. Kinachosaidia zaidi, kwa utafiti huo huo, ni kulitazama tukio kwa maana nyingine mapema, kabla hisia haijapanda. Ile hesabu ya 80 na 95 niliyokupigia hapo juu ni dawa ya namna hiyo. Imeze Alhamisi. Ukiimeza Ijumaa usiku imeshachelewa.

Mwaka 2019 programu ya kompyuta iitwayo Pluribus iliwashinda wachezaji wa kulipwa kwenye meza za watu sita. Haikuwa na moyo wa jiwe. Haikuwa na moyo kabisa. Wewe unao, na utaendelea kuja nao mezani.

Bia mbili: hapana. Pombe hulegeza breki zile zile unazotafuta kuzikaza, na bia mbili za mezani tunazijua sote huwa ni ngapi.

Kuhamia kwenye simu kunahitaji maneno zaidi, kwa sababu kunaonekana kama busara. Ni kweli huko huoni sura ya mtu. Lakini migao huko huenda mara mbili au tatu zaidi kwa saa, na mtu anaweza kufungua meza mbili kwa pamoja. Vipigo vya kibahati ambavyo Ilazo vingekufikia kwa mwezi, kwenye simu vitakufikia kwa wiki. Hakuna wa kukuambia "kaka, leo inatosha". Hakuna muziki wa kuzimwa wala mke wa mwenye nyumba wa kukohoa chumbani. Na hela iko kidole kimoja kutoka kwenye mchezo. Kwa mtu ambaye shida yake ni kuvurugwa, simu ni kumpeleka mlevi akaishi kilabuni.

Basi ufanyeje? Nidhamu unayoitafuta haipatikani saa sita usiku, hata ukiitafuta na tochi. Inatengenezwa Ijumaa saa kumi jioni, ukiwa umeshiba, hujaliwa na mtu. Kosa la wengi ni kumwachia ahadi yule mtu wa saa sita: "nikiliwa mara mbili nitaondoka". Mtu aliyetulia hawezi kumkadiria mwenziwe aliyevurugwa. Anadhani ni yeye yule aliyekasirika kidogo. Usimpe ahadi. Mnyang'anye vifaa.

Kifaa cha kwanza ni hela. Toa 40,000 taslimu, kuingia mara mbili, weka kwenye bahasha. Hela ya bodaboda ya kurudi iweke kwenye soksi, sitanii. Simu yenye laini ya pesa ibaki nyumbani. Nenda na kitochi chenye laini nyingine, mchumba wako awe na namba yake. Ukifika, kabla karata hazijachanganywa, mwambie mwenye nyumba mbele ya wote: leo mtu asinikopeshe hata nikiomba kwa machozi. Watacheka. Acha wacheke, wameshasikia. Angalia kwamba katika usiku wako ule, hasira peke yake isingekuletea hasara ya 380,000. Hasira pamoja na simu ndiyo iliyoleta.

Cha pili ni saa. Ondoka saa nne usiku, uwe juu au uwe chini. Usiseme "nikirudisha", wala "baada ya mgao mmoja mzuri", maana hizo si saa. Umeniambia mwenyewe kwamba unacheza vizuri saa mbili za mwanzo. Basi cheza hizo, ukalale. Sijui kwa nini wachezaji huona aibu kuondoka mapema, kama vile ni mkutano wa kijiji.

Cha tatu kinahitaji mazoezi: ijue dalili yako ya kwanza. Mwili hutangulia kujua kabla ya kichwa. Yangu niliijua kwa gharama. Nikiwa mwaka wa mwisho wa chuo nilicheza nauli ya kwenda nyumbani Mpwapwa, nikaliwa. Ninachokumbuka usiku ule si karata, ni kidole gumba changu cha kulia kikigonga gonga ukingo wa karata mbili nilizoshika, tak tak tak, na dada aliyekaa mbele yangu akiniambia "acha kelele". Nilikuwa sijui kama nagonga. Baadaye nikaanza kukichunguza. Kikianza kugonga, mimi bado najiona nimetulia kabisa, lakini kidole kimeshajua. Tangu hapo kikigonga naweka karata chini, hata ziwe nzuri, natoka nje. Wewe unacho cha kwako. Inaweza kuwa masikio kupata moto, kuhesabu hela zako kila dakika, au kuacha kuongea ghafla. Waulize wenzako, wanaijua zamani, na huenda wanaitumia.

Ukiiona, inuka. Toka uani usimame kwenye upepo, na upepo wa Dodoma wa Juni na Julai hauhitaji maelezo. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu zaidi ya ulivyoivuta, kwa dakika kumi. Ukirudi, kaa migao kumi bila kuingia. Ukishindwa kukaa migao kumi, umeshajua ulipo. Chukua boda.

Halafu daftari. Wachezaji wengi huandika nilipata kiasi gani, nilikosa kiasi gani. Usiandike hivyo. Kila Jumamosi asubuhi andika maamuzi matatu makubwa ya usiku uliopita, na mbele ya kila moja andika "nilipatia" au "nilikosea", bila kutaja hela. Mwanzoni utaona ajabu, mkono utataka kuandika hela. Baada ya miezi miwili utaanza kuona kwamba makosa yako yamejaa kwenye saa fulani na kwa mtu fulani.

Sasa niseme ukweli ambao huenda hukuutegemea. Ukifanya haya yote barabara, hutatajirika. Mezani kwenu hakuna shilingi inayozaliwa. Mnaingia na 140,000 watu saba, na 140,000 hizo hizo ndizo zinazotoka, zimebadilisha mifuko. Kama mwenye nyumba anakata chochote, zinatoka pungufu, na hapo pia kuna sheria: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na kuendesha mchezo wa hela kibiashara bila leseni yake ni kosa. Nidhamu itakufanya uliwe kidogo, ulale vizuri, na labda uwe juu kidogo mwisho wa mwaka. Mtu anayecheza hivyo analipia burudani, kama wengine wanavyolipia nyama choma na mpira. Ukitaka kujua kama unaupenda mchezo au unapenda kile kinachokutokea hela ikiwa katikati, pendekeza Ijumaa moja mcheze kwa soda. Kama utaona hakuna maana ya kwenda, hilo ni jibu, na wale wa "acha" wana hoja.

Ninapotaka ukae kitako ni hapa. Kwenye barua yako kuna sentensi mbili umezipitisha haraka haraka: ulikopa kwenye simu katikati ya mchezo, na ulimdanganya mchumba wako. Mwaka 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani walipotoa toleo la tano la mwongozo wao, uraibu wa kamari waliuweka kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Waliorodhesha dalili tisa. Nne ndani ya miezi 12 zinatosha kuuita ugonjwa. Kurudi siku nyingine kukomboa ulicholiwa ni mojawapo. Kudanganya ili kuficha unavyocheza ni nyingine. Nyingine ni kulazimika kuongeza dau ili usisimke, kujaribu kupunguza ukashindwa mara kadhaa, kuwa mkali unapoacha, kukimbilia mchezo ukiwa na dhiki, kutegemea hela za watu kujinasua, kuwaza karata muda wote, na kuhatarisha kazi au uhusiano. Sikupimi kwa barua. Mtu hapimwi hivyo. Nina usiku wako mmoja tu. Kaa na orodha hiyo peke yako, ujibu kwa miezi yote 12.

Ukifika nne, au hata tatu zinazokukosesha usingizi, mbinu za bahasha na kitochi hazitakutosha. Tafuta mtu wa kuonana naye ana kwa ana. Hapa tuna bahati kuliko mikoa mingi: Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, Mirembe, iko mjini kwetu. Najua utani. Dodoma nzima, mtu akikosea njia anaambiwa apelekwe Mirembe. Lakini ina kliniki ya wagonjwa wa nje. Unaingia asubuhi kwa miguu yako, unaongea na mtaalamu, unatoka, unarudi kazini Mtumba. Kama jina linakutisha, anzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, uombe kuonana na wa afya ya akili. Matibabu yenyewe kwa sehemu kubwa ni mazungumzo ya mpangilio, wiki baada ya wiki. Na kama deni limeanza kukuletea mawazo ya kujidhuru, usisubiri kliniki wala majibu yangu. Nenda hospitali leo hii, ukiongozana na mtu.

Kuhusu mchumba wako, mwambie. Siongelei maadili hapa, naongelea mtambo. Uongo ule una bei: siku mama akipiga simu asishukuru, utahitaji 380,000 za haraka, na unajua miguu itakupeleka wapi kuzitafuta.

Ijumaa hii usiende. Una deni la laki na nusu, na linakua. Ukikaa mezani na deni, uko chini ya sifuri kwa 150,000 kabla hata karata ya kwanza haijagawiwa, yaani utakuwa umevurugwa tangu mlangoni. Lipa kwanza kwa mshahara, utoe 20,000 unazoingilia kila Ijumaa uziongeze humo. Deni likiisha na orodha ile umeijibu bila kujificha, nenda na bahasha yako. Na ukifika omba kiti cha kushoto kwa huyo jamaa wa tisa. Karata zinaenda kwa mwendo wa saa, kwa hiyo ataamua yeye kwanza, wewe utakuwa unamtazama.